Simu Yako na Siri ya Ugonjwa Wako

  Leo ningependa tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda unakishika mkononi sasa hivi, tena pengine ndicho unachotumia kunisikiliza. Nacho ni simu ya rununu. Usishangae ukajiuliza simu na afya wapi na wapi. Sitazungumzia maumivu ya macho wala ya shingo. Nitazungumzia habari za ugonjwa wako zilizomo ndani ya simu hiyo, na jinsi zinavyoweza kumfikia mtu ambaye hukutaka azijue.

Naomba nianze na kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Mimi ni muuguzi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika kituo kimoja cha afya, upande wa wale wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV. Mama mmoja aliyekuwa hakosi kamwe, siku hiyo hakuonekana. Kesho yake nikachukua simu ya kituo nikamwandikia: "Habari mama. Hukufika CCC jana. Tafadhali njoo uchukue dawa zako." Nikatuma, nikaendelea na kazi nyingine. Niliona nimefanya jema.

Sasa, simu ya mama huyo haikuwa naye. Kwao hakukuwa na umeme, na kama walivyofanya majirani wote, alikuwa ameiacha simu sokoni kwenye kibanda cha kuchaji, akalipa shilingi 20, akaenda shambani. Ujumbe wangu ukaingia simu ikiwa imechomekwa kwenye waya pamoja na nyingine ishirini hivi. Hakuna aliyehitaji kufungua chochote. Maneno yalijitokeza yenyewe kwenye kioo, na kijana wa kuchaji akayasoma. Nawe msikilizaji unajua, kama nijuavyo mimi, kwamba hapa Kenya herufi hizo tatu, CCC, hazihitaji mkalimani.

Mama huyo alikuwa akiuza mboga. Baada ya siku mbili wateja wakaanza kupita mbele ya meza yake kama hawaioni. Mama mkwe akamtengea kikombe chake na sahani yake. Kliniki hakurudi kwa muda wa miezi mitano. Alipokuja, aliletwa na dada yake, amekonda, anakohoa, na tulipompima tukampata na kifua kikuu. Nilimuuliza kwa nini aliacha dawa na ilhali alikuwa akiendelea vizuri. Akaniambia, "Sista, dawa sikuzichoka. Nilichoka kuangaliwa."

Alitibiwa kifua kikuu kwa miezi 6, akarudia dawa zake, na kwa neema ya Mungu yu hai na anauza mboga katika soko lingine. Lakini ile miezi mitano ingeweza kummaliza. Mtu akiacha dawa hizi, virusi huanza kuzaana upya, kinga ya mwili inashuka, na magonjwa kama kifua kikuu hupata nafasi. Isitoshe, virusi vinaweza kuwa sugu, dawa zilizokuwa zikifanya kazi zikashindwa. Hayo yote yalianza kwa ujumbe wa maneno machache ulioandikwa na mtu mwenye nia njema.

Ndiyo sababu nasema kwamba kulinda habari zilizo kwenye simu ni sehemu ya matibabu. Wengi wakisikia habari hizi hufikiria wale wezi wa mitandao walio mbali, wenye kompyuta na maarifa makubwa. Wapo, na nitawagusia. Lakini kwa kazi yangu ya miaka hii yote, siri nyingi za wagonjwa nilizoona zikitoka, zilitokea karibu sana: kwa kijana wa kuchaji, kwa fundi, kwa mtoto anayecheza mchezo kwenye simu ya mama, kwa shemeji aliyeazima simu apige mara moja tu.

Hebu fikiria ni nini kilichomo ndani ya simu yako. Kuna ujumbe wa kliniki. Kuna picha ya majibu ya maabara uliyoipiga ili usiipoteze karatasi. Kuna kengele inayolia saa 3 usiku ikiwa na neno "dawa". Kuna ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina la hospitali uliyolipa, kiasi na tarehe. Kuna jina la daktari, nawe umelihifadhi pamoja na aina ya ugonjwa anaoutibu. Mtu akiipata simu yako kwa dakika tano, anakujua kuliko jirani aliyekaa nawe miaka kumi.

Je, ina maana turudi nyuma, kliniki zisitume ujumbe? Hapana. Ujumbe unasaidia sana, na hilo lilithibitishwa hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwaandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali katika kliniki za Nairobi na Kajiado. Nusu yao hivi walitumiwa ujumbe mmoja kila wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet: kati ya waliotumiwa ujumbe, 62 kwa kila 100 walimeza dawa zao inavyotakiwa, na kati ya wasiotumiwa walikuwa 50 kwa kila 100. Virusi pia vilidhibitiwa kwa wengi zaidi upande wa wale waliopata ujumbe.

Lakini sikiliza vizuri ujumbe wenyewe ulisemaje. Ulisema "Mambo?" Basi. Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Akisema shida, au akinyamaza, mhudumu alimpigia. Hapakuwa na neno dawa, wala kliniki, wala jina la ugonjwa. Hata kama simu ingekuwa kwenye kibanda cha kuchaji, kijana angesoma nini? Salamu tu, kama zile anazopokea yeye kila siku.

Mimi nilijifunza somo hilo kwa uchungu. Mama yule aliporudi, tuliketi chini tukakubaliana maneno. Yeye ndiye aliyechagua. Nilikuwa nikimwandikia "Habari ya mboga?" naye akijibu "Zipo" najua mambo ni mazuri, akijibu "Zimekauka" najua nimpigie. Nilikuwa ninacheka peke yangu nikiandika, lakini hakukosa tena.

Kwa hivyo, msikilizaji, utakapofika kliniki wakiuliza nambari yako ya simu, usiitaje halafu ukaondoka. Uliza maswali. Mtaniandikia maneno gani? Ujumbe utatoka kwa jina gani, kwa sababu wakati mwingine jina la mtumaji peke yake limeshasema yote? Mtapiga saa ngapi? Akipokea mtu mwingine, mtamwambia nini? Na kama simu si yako, ni ya mume, ya mama au ya jirani, sema hivyo mapema ili waandike kwenye faili. Kama hutaki kupigiwa kabisa, una haki ya kusema hivyo, lakini basi mkubaliane njia nyingine ya kukufikia, kwa mfano mhudumu wa afya ya jamii unayemwamini.

Na ninyi wahudumu wenzangu mnaonisikiliza, najua kazi ni nyingi na foleni ni ndefu. Lakini mgonjwa akipigiwa na simu ikapokewa na sauti msiyoijua, hakikisheni kwanza ni nani. Kama siye, semeni mtapiga baadaye. Msiache ujumbe. Nimewahi kusikia mhudumu akimwambia mtoto wa miaka tisa, "Mwambie mama majibu ya TB yametoka." Alikuwa anasaidia, nami nilikuwa kama yeye.

Tuje sasa kwenye simu yenyewe. Kama una simu ndogo ya vibonyezo, ile tunayoiita kabambe, usidhani haikuhusu. Nayo ina mahali pa kuweka nambari ya siri, ili mtu akiiwasha au akitaka kufungua ajulikane kama ndiye mwenyewe. Ukienda kuiacha kwenye kibanda cha kuchaji, izime kwanza. Bora zaidi, toa laini uende nayo, kwani simu isiyo na laini haipokei ujumbe wa mtu. Na kabla ya kuiacha, futa ule ujumbe wa kliniki uliokwisha kuusoma. Tarehe unaweza kuiandika nyuma ya kalenda bila kusema ni ya nini.

Kama una simu ya kugusa kioo, kuna jambo moja ambalo ukilifanya leo utakuwa umeziba tundu kubwa. Weka nambari ya siri ya kufungulia, halafu uingie kwenye mipangilio, utafute sehemu ya arifa, uchague kwamba maneno ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa. Simu italia, utajua kuna ujumbe, lakini hautasomeka mpaka uifungue mwenyewe. Kama huwezi kupata mahali hapo, mwombe mtu unayemwamini akuonyeshe, wala usione haya. Mimi nilionyeshwa na binti yangu.

Nambari ya siri isiwe 1234, wala 0000, wala mwaka wako wa kuzaliwa. Wakwe zako wote wanaujua mwaka huo.

Kuna tofauti ambayo wengi hawaijui kati ya nambari ya siri ya simu na nambari ya siri ya laini. Ile ya simu inafunga simu. Lakini mwizi anaweza kuitoa laini yako akaitia kwenye simu yake, na kuanzia hapo kila ujumbe unaokuja kwako, wa kliniki au wa benki, unaingia kwake. Nambari ya siri ya laini inamzuia, kwa kuwa laini haitafanya kazi kwenye simu nyingine mpaka iandikwe. Uiweke kwa uangalifu lakini. Ukikosea mara tatu laini inajifunga, na itakubidi utumie ile nambari ya tarakimu 8 iitwayo PUK. Hiyo nayo ukiikosea mara 10, laini imekufa. Basi itafute PUK yako kwanza kwenye ile kadi uliyopewa na laini, au uulize huduma kwa wateja wa mtandao wako.

Vilevile bonyeza *#06# kwenye simu yako. Utaona nambari yenye tarakimu 15. Hiyo ndiyo inayoitambulisha simu yako. Iandike uiweke nyumbani pamoja na kitambulisho. Simu ikiibwa, polisi watakuuliza nambari hiyo. Na siku simu inapoibwa, usisubiri kesho: azima simu ya mwingine, upige huduma kwa wateja laini yako ifungwe, kisha uijulishe kliniki wasitume kitu huko mpaka uwaambie.

Juu ya fundi wa simu nitasema kwa ufupi. Toa laini, toa ile kadi ndogo ya kuhifadhi picha, ukae hapo mpaka amalize. Ukiuza simu au ukimpa mdogo wako, kufuta picha moja moja hakutoshi. Ondoa akaunti yako ya barua pepe, ukaifute simu yote kwenye mipangilio irudi ilivyotoka kiwandani.

Jambo linalonisumbua zaidi siku hizi ni la michango. Sisi Wakenya tuna moyo. Mtu akilazwa, jioni hiyo hiyo kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, watu mia mbili wanaingizwa, na ili waamini kwamba ugonjwa ni wa kweli, mtu anatuma picha ya ripoti ya daktari. Jina kamili, nambari ya kitambulisho, umri, ugonjwa, majibu ya damu, vyote viko hapo. Kati ya watu hao mia mbili, mgonjwa anawajua arobaini. Anapona, anarudi kazini, na mwajiri wake ameisoma ripoti. Najua mtu anaweza kusema kwamba WhatsApp inafunga ujumbe usisomwe njiani, na ni kweli, tangu mwaka 2016 inafanya hivyo kwa wote. Lakini hilo linalinda njia tu. Haliwazuii wale mia mbili walio mwisho wa njia kuihifadhi picha na kuituma mbele. Kama mnachanga, tumeni kiasi cha deni la hospitali na nambari ya kulipia, mteue watu wawili waliofika hospitalini wakaona kwa macho yao, nao wawe mashahidi. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe kwanza, kama anaweza kuzungumza. Ugonjwa ni wake hata kama pesa ni zetu.

Tukiwa bado hapo kwenye WhatsApp, angalia mahali panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe mara moja. Kuna mtu anayesoma ujumbe wako akiwa amekaa kwake.

Sasa wale matapeli niliosema nitawagusia. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, watu wengi wamejisajili kwa simu kwa kubonyeza *147#. Ni jambo zuri, lakini limewapa matapeli neno jipya la kusema. Anakupigia mtu mwenye adabu nyingi, anakuita mama au mzee, anasema usajili wako una kasoro, na kwamba kuna nambari imeingia kwenye simu yako, umsomee. Usimsomee. Nambari inayoingia kwenye simu yako ni yako, ni ufunguo, na asiye na nia mbaya haombi ufunguo wa mtu kwa simu. Kata, kisha uende kwenye kituo chako cha afya uulize ana kwa ana.

Baadhi ya programu za mikopo nazo ni hivyo hivyo. Unapoiweka, inaomba ruhusa ya kuona nambari zote ulizohifadhi, nawe unakubali kwa haraka kwa sababu mtoto ni mgonjwa na unataka shilingi 1,000. Ukichelewa kulipa, wanaanza kuwapigia wale waliomo, akiwemo daktari wako na wenzako wa kikundi cha wagonjwa. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data alitangaza faini ya shilingi 2,975,000 dhidi ya kampuni moja ya mikopo ya simu kwa mambo ya namna hii.

Hapo nimemtaja Kamishna, na pengine hujawahi kumsikia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha, yaani mambo yako na ya familia yako yasifichuliwe bila sababu. Sheria ya mwaka 2006 juu ya HIV na Ukimwi inakataza mtu kutoa majibu yako ya kipimo bila ridhaa yako, na ndiyo iliyounda Tribunali ya HIV na Ukimwi ambako unaweza kupeleka malalamishi. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayohesabu habari za afya kuwa habari nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Ukiona hospitali, mwajiri au kampuni imezianika habari zako, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data kwa maandishi au hata kwa mdomo, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Na haki hizi haziogopi mkubwa. Mnamo Februari 2015 lilitolewa agizo la Rais kwamba majina ya watoto wa shule wenye HIV yakusanywe, pamoja na ya walezi wao, na ya kina mama waja wazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Nia iliyoelezwa ilikuwa ni kuwasaidia. Watetezi wa haki pamoja na watu wanaoishi na virusi wakaenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba.

Kabla sijamaliza, kuna swali ambalo kina mama huniuliza wakiwa wameinamisha kichwa: "Sista, je, nimfiche mume wangu?" Hilo silo ninalofundisha. Kumwambia mwenzako ni vyema, anaweza kupimwa, anaweza kukukumbusha dawa, na ukimeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi kwa tendo la ndoa. Lakini kuna nyumba ambamo habari hiyo inaleta kipigo au kufukuzwa, na mwenye kuijua nyumba ni wewe. Kwa hivyo habari itoke kinywani mwako, siku uliyoichagua wewe, na mshauri wa kliniki akiwepo ikiwa unamhitaji. Isitoke kwenye kioo cha simu usiku wakati wewe umelala.

Wale ambao nyumba nzima inatumia simu moja, njooni na laini zenu tu. Laini ni ya bei nafuu, inakaa ndani ya pochi, na unaweza kuitia kwenye simu ya rafiki mara moja kwa wiki, ukasoma ujumbe wako, ukaujibu, ukaufuta, ukaitoa. Wagonjwa wangu wawili wanafanya hivyo kila Jumapili baada ya kanisa, na kliniki inajua kwamba jibu litakuja Jumapili.

 Juma lijalo, saa kama hii, tutakuwa na mwenzangu wa maabara atakayetueleza maana ya zile nambari zinazoandikwa kwenye majibu ya sukari ya damu.